Kabla mbakishe wachezaji kwa ligi ya fantasi, andikeni sheria undugu usije ukavunjika

Wewe unayekesha kila Ijumaa ukipanga kikosi chako cha FPL, kuna raha moja hujawahi kuonja. Ni ile ya kumpata mchezaji akiwa bado hakuna anayemjua, umchukue kwa bei ya kutupa, halafu msimu ukiisha ubaki naye. Mwaka ujao bado ni wako. Si wako pamoja na watu milioni kadhaa kama Haaland, ni wako peke yako katika ligi nzima.

Balaa lake ni kwamba unaweza kukosana na mtu wa damu yako kwa sababu ya mchezaji huyo huyo. Mimi nimepitia raha na balaa, na wala si kwa soka. Ni kwa besiboli.

Usicheke. Kama ulisoma shule ya msingi hapa nchini, ulicheza raunda au uliwatazama wenzako wakicheza, kwa hivyo nusu ya mchezo tayari unaijua. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kutoka kituo hadi kituo mpaka arudi alikoanzia. Huko Marekani wana timu 30 katika ligi kuu, kila moja inacheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Yaani kuna mechi karibu kila siku. Mechi ya saa moja jioni kule Boston inaanza hapa Nairobi saa nane usiku. Nani mwingine yuko macho saa hizo kama si mlinzi, mwanafunzi wa udaktari na mimi?

Katika ligi yetu tuko kumi. Sita wako Marekani, wanne tuko hapa. Aliyeianzisha ni binamu yangu anayeishi Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya wamejaa mpaka ukitaka ugali na sukuma hauhangaiki. Ilikuwa Machi 2023. Kila mtu alitoa dola 30, kwa hivyo mshindi anabeba dola 300. Kwa aliye kule hizo ni pesa za mafuta ya gari na chakula cha wiki. Kwa msee wa Kayole hiyo ni karibu Sh39,000, na sitakuambia ni kodi ya miezi mingapi kwa sababu utajua nyumba ninayokaa.

Lakini kilichonifanya nikubali hakikuwa pesa. Binamu huyu ndiye aliyenilipia karo ya chuo mihula miwili. Nilipoacha masomo, sikumwambia. Alijua kupitia kwa shangazi. Tulikaa karibu miezi minane bila neno, hata salamu za Krismasi zilipitia kwa watu wengine. Halafu siku moja simu ikalia, ujumbe ni mmoja tu: "Tunaanza ligi ya besiboli, tumebakisha nafasi moja. Unaingia?" Hakuuliza kuhusu chuo. Nami nilijibu "niko ndani" kabla hata sijajua strike ni nini.

Sasa nikueleze ligi yenyewe inavyokwenda, maana haifanani na FPL. Kule kwenye FPL kila mtu ana pauni milioni 100 na mnaweza nyote kumnunua mchezaji yule yule. Hapa hapana. Mnakaa chini siku ya uteuzi, mnachagua kwa zamu, raundi baada ya raundi, na mchezaji akichukuliwa amekwenda. Timu yetu ina wachezaji 23, kwa hivyo kuna raundi 23, na wachezaji 230 wanapata wenyewe. Waliobaki wanakaa kwenye dimbwi la wasio na timu, na yeyote anaweza kuwavua wakati wowote wa msimu. Alama zinatokana na mambo halisi wanayofanya uwanjani: kupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, yaani homurani, kuiba besi, kuwatoa wapigaji, na kadhalika.

Na ukimwambia Mkenya kwamba Wamarekani wana ligi za "keeper", atadhani unaongea juu ya kipa. Sisi katika kundi letu la WhatsApp tuliwaita "wabaki". Mbaki ni mchezaji ambaye msimu ukiisha harudi sokoni, unakwenda naye mwaka mwingine.

Sheria ya binamu kuhusu wabaki ilikuwa ujumbe mmoja: "Kila timu inabaki na wachezaji watatu. Basi."

Hilo neno "basi" ndilo lililotugharimu.

Msimu wa 2023 ulipoisha, binamu alikuwa na Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves, ambaye mwaka huo alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya: homurani 41 na besi 73 za kuiba katika msimu mmoja. Alikuwa pia na Spencer Strider, mrushaji wa timu hiyo hiyo, aliyewatoa wapigaji 281 kwa straiki. Akabaki na wote wawili, akaongeza wa tatu, na siku ya uteuzi wa 2024 akaingia na kuchagua katika raundi ya kwanza kama sisi wengine, kana kwamba mkono wake ni mtupu. Hakulipa chochote. Sheria haikusema alipe. Wasee wawili wa Nairobi walitishia kutoka, na mmoja akaandika kwenye kundi kwamba hii si ligi, ni chama ambacho mwenyekiti anajikopesha bila riba.

Hapo ndipo penye kosa ambalo ligi nyingi hufanya. Mnakubaliana idadi ya wabaki mnasahau bei. Idadi si shida kubwa. Tatu, nne, tano, chagueni mnavyotaka. Ikifika kumi mtaua siku ya uteuzi, maana mtakuwa mnagombania makombo. Lakini mbaki asiyekuwa na bei ni sumu. Fikiria Mike Trout wa Angels. Alipoingia ligi kuu mwaka 2011 akiwa na miaka 19, wastani wake wa kupiga ulikuwa .220. Mwaka 2012 alianza msimu akiwa katika ligi za chini, akapandishwa Aprili 28, akamaliza na wastani wa .326, homurani 30 na besi 49. Aliyemchukua raundi za mwisho, au aliyemvua bure kutoka dimbwini, katika ligi isiyo na bei wala kikomo, alijipatia mchezaji bora duniani kwa miaka mingi: Trout alishinda tuzo ya mchezaji wa thamani zaidi ya American League mwaka 2014, 2016 na 2019. Wenzake walifanya nini miaka yote hiyo? Walilipa ada ya kumtazama.

Waliobuni mchezo huu waliliona hilo mapema. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake kule New York walianzisha ligi waliyoiita Rotisserie, jina walilolitoa kwenye mkahawa wa Kifaransa walikokuwa wakila. Wao walitumia mnada, na bajeti iliyozoeleka mpaka leo katika ligi za aina hiyo ni dola 260 kwa wachezaji 23. Sheria zao za kubakisha zilikuwa na akili: mchezaji uliyemnunua unakaa naye kwa bei ile ile kwa muda mfupi tu, kisha unaamua. Umwachilie, au umfunge kwa mkataba mrefu ambapo kila mwaka wa ziada unapandisha bei yake kwa dola 5. Na ukimfunga halafu akaharibika, hiyo ni shauri yako. Ninaipenda sheria hiyo kwa sababu inakufanya ujiulize unampenda mchezaji kiasi gani hasa.

Sisi hatukuwa na mnada. Tungekuwa nao tungetumia hiyo na hadithi ingeishia hapa. Ukiwa na uteuzi wa raundi, bei yako ni raundi yenyewe: kumbakisha mtu unatoa nafasi yako ya kuchagua katika raundi fulani. Ulimchukua raundi ya 12? Mwaka ujao anakugharimu raundi ya tisa. Mwaka unaofuata, ya sita. Anapanda mpaka siku moja unaona heri umrudishe sokoni. Hivyo aliyegundua kipaji anakula matunda, lakini hali shamba zima.

Turudi 2024, kwa sababu Mungu ana ucheshi wake. Mei 26, kule Pittsburgh, goti la kushoto la Acuña lilichanika mshipa, msimu ukaisha. Strider yeye alikuwa amerusha mechi mbili tu kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko. Binamu ambaye tulisema ametuibia akamaliza wa kumi kati ya kumi.

Mwezi huo huo wa Mei nilikuwa macho usiku mmoja, kazi ya kuandika ya mteja imenishinda, nikaona kwamba Pittsburgh Pirates wanampandisha kijana mmoja mrushaji, Paul Skenes, waliyemchagua wa kwanza kabisa mwaka 2023. Alikuwa dimbwini. Wasee wa Marekani walikuwa kazini, mmoja kati yao ni dada nesi wa Dallas ambaye huwa kwa zamu saa hizo. Nikamvua. Skenes alicheza mechi yake ya kwanza Mei 11, na akamaliza msimu na wastani wa kuruhusu alama 1.96, akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa National League. Mimi nikamaliza wa tatu. Nafasi ya tatu haina pesa, lakini nilikuwa na Skenes.

Msimu ukaisha nikatangaza: ninabaki naye, bei raundi ya 23, kwa sababu nilimpata bure. Binamu akajibu baada ya dakika nne, na kule ilikuwa saa kumi na moja asubuhi. Alisema mchezaji ambaye hakuchaguliwa siku ya uteuzi hawezi kubakishwa. Nikamuuliza hiyo imeandikwa wapi. Akasema haihitaji kuandikwa. Kisha akaongeza ombi lake: Acuña aruhusiwe kubaki kwa bei ya raundi ya kumi, kwa sababu ni mgonjwa.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ameanzisha ligi ya kujipa zawadi. Naye akaandika sentensi ambayo niliisoma mara nyingi usiku huo: kwamba mimi ni mtu wa kuchukua kitu cha bure na kuacha katikati, halafu nadai haki. Kundi zima likanyamaza. Kila mtu pale alijua hiyo si ya Skenes.

Wiki tatu hakuna aliyeandika kitu. Nilifikiria kutoka. Nilikuwa hata nimeandika ujumbe wa kwaheri, mzuri tu, wenye maneno makubwa, bahati nzuri sikuutuma.

Aliyetuokoa ni yule dada nesi. Alituma sauti, na nyuma yake ungesikia mashine za hospitali zikilia. Alisema sote tunaandika sheria tukiwa tunaangalia kikosi chetu, na hata yeye anafanya hivyo. Kwa hivyo kila mmoja amtumie sheria zake faraghani, bila jina la mchezaji hata mmoja, aziandike upya kwa maneno yake, kisha tupige kura bila kujua ni ya nani. Sheria isiyopata kura saba kati ya kumi inatupwa.

Msomaji, kama utachukua kitu kimoja kutoka kwa makala haya, chukua hicho. Sheria yoyote ya wabaki inampendelea mtu. Ukiandika ukijua ni nani, hujaandika sheria, umeandika barua ya kuomba msaada.

Zilizopita ni hizi. Wabaki ni wanne. Mchezaji aliyechaguliwa raundi tatu za kwanza habakishwi kamwe. Hao ni nyota, warudi sokoni kila mwaka, kila mtu awe na nafasi. Wengine wanapanda raundi tatu kila mwaka. Aliyevuliwa dimbwini anabakishwa kwa raundi ya kumi mwaka wa kwanza na ya tano mwaka wa pili. Na hakuna anayebakishwa zaidi ya mara mbili, hata awe nani. Ukiwa na wabaki wawili wanaodai raundi moja, mmoja anasogea raundi moja juu. Majeruhi hapati punguzo. Hiyo ya mwisho ilipata kura kumi, kwa maana hiyo binamu mwenyewe aliipigia.

Raundi ya kumi kwa Skenes iliniuma. Nilitaka ya 23. Lakini fikiria vizuri: mtu akipata mchezaji bora bure Mei na kumweka kwa bei ya mwisho, basi mwaka mzima watu watakuwa wanakimbilia chipukizi tu, hakuna atakayejali mechi za leo. Upande mwingine, ukimkataza kabisa kumbakisha, unamwadhibu aliyekuwa macho wakati wengine wamelala. Raundi ya kumi iko katikati, na katikati haimfurahishi mtu.

Kuna vitu vidogo ambavyo utaviona vya kipuuzi mpaka vikukute. Tarehe ya kutangaza wabaki, kwa mfano. Yetu ilikuwa "kabla ya ufunguzi wa msimu". Ufunguzi upi? Mwaka 2024 Dodgers na Padres walifungua Seoul, Korea Kusini, Machi 20, timu nyingine zikaanza Machi 28. Mwaka 2025 ikawa Tokyo, Dodgers na Cubs, Machi 18. Jamaa mmoja alitaka kutangaza baada ya kutazama mechi za Seoul. Andikeni tarehe na saa, na muandike saa ya wapi, hasa kama mmoja wenu anaposema "saa mbili" anamaanisha asubuhi na mwingine anamaanisha usiku wa manane.

Kisha kuna Shohei Ohtani, ambaye anapiga na kurusha. Programu nyingine humhesabu kama wachezaji wawili tofauti, nyingine kama mmoja. Mwaka 2024 hakurusha kabisa kwa sababu ya kiwiko, lakini alipiga homurani 54 na kuiba besi 59. Sisi tuliamua Ohtani ni mmoja. Tulibishana siku mbili juu ya hilo, wakati kwa sheria ya raundi tatu za kwanza hawezi kubakishwa hata hivyo. Wakenya bwana.

Biashara ya wachezaji ndiyo inayohitaji macho. Mtu aliye mkiani mwezi Agosti hana cha kupoteza, kwa hivyo atampa rafiki yake nyota wawili apewe chipukizi mmoja wa bei rahisi wa kubakisha. Si wizi, ni hesabu halali, na kwangu mimi ndiyo utamu wa ligi za wabaki: hata wa mwisho ana kazi ya kufanya. Ila wekeni siku ya mwisho ya biashara. Yetu ni Julai 31, na bei ya mchezaji inahama naye.

Na ada ya mwaka ujao tunalipa nusu mapema. Wanachama wa chama wanajua kwa nini. Mtu akiuza kesho yake yote ashinde leo, halafu atoroke, nani atakubali kurithi ile timu ya mifupa?

Mwisho kabisa, sheria mpya haianzi kutumika mwaka ilipopitishwa. Yetu ilianza mara moja kwa sababu hatukuwa na nyingine, lakini tangu hapo mabadiliko yoyote yanangoja msimu mmoja mzima. Hivyo unapiga kura bila kujua utakuwa juu au chini.

Uteuzi wa 2025 tuliufanya Jumamosi usiku, saa zetu. Acuña alirudi sokoni, na msee wa Umoja akamchukua mbele ya binamu. Mei 23 Acuña aliporudi uwanjani, mpira wa kwanza kabisa kurushiwa aliupiga ukaenda futi 467. Saa za hapa ilikuwa usiku mkubwa. Binamu alinitumia video hiyo mimi, si kundini, na chini yake akaandika tu: "Unaona?" Niliona. Tukaongea saa nzima. Kuhusu Acuña, kisha kuhusu shangazi na presha yake, kisha kuhusu kazi yangu, na chuo pia, kidogo.

Skenes mwaka huo alitwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, akiwa na ushindi 10 na kushindwa 10, kwa sababu Pirates hawajui kumpigia. Mimi nilimaliza wa pili. Nafasi ya pili inarudishiwa dola 30 zake.

Kumbakisha tena kumenigharimu raundi ya tano, na hii ni mara yake ya pili. Msimu ukiisha anarudi sokoni. Nilijaribu kumdokezea dada nesi kwamba labda tuongeze iwe mara tatu, akaniuliza kama nimeandika hiyo nikiangalia kikosi changu. Binamu naye ameshaanza kunitumia picha za Skenes kila anaporusha, bila maneno.